Kopo la Senene

Sehemu ya sita

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usisononeke, mambo yenyewe ni mafupi. Mutayoba, mkaguzi wa shule mstaafu na katibu wa umoja wa ukoo wao hapa Mwanza, alisimama ukumbini Mkuyuni mbele ya ndugu sabini ili asome hukumu ya Kokuberwa, mke wa mtoto wa kaka yake. Kosa la Kokuberwa ni kukaanga senene, wale panzi wa kuliwa, katika nyumba ya ukoo ambao senene ni muziro wao, mwiko usioguswa tangu enzi za mababu. Adhabu yake ni mbuzi mmoja, na kuomba radhi kwa magoti.

Katibu akafungua mdomo asome. Akawaona Kokuberwa wawili.

Akafumba macho, akafumbua. Walikuwa bado wawili, na wote wamemkazia macho. Akageukia meza kuu kumwomba mwenyekiti msaada, na mwenyekiti naye alikuwa wawili. Ulimi ukawa mzito, kope zikashuka zenyewe, karatasi ikamponyoka, na katibu akaenda chini pamoja na hukumu yake.

Hapo ndipo tulipomwacha, na bado yuko chini.

"Amelewa," ilisema sauti ya nyuma.

"Mume wangu hanywi," akajibu Kemilembe, ambaye alikuwa ameshapiga magoti pembeni yake.

"Basi ameanza leo."

Usidhani Mutayoba hakusikia. Alisikia kila neno, na alimtambua aliyelisema, na aliweka nia ya kumshughulikia kikao kijacho. Kichwa chake kilikuwa safi kabisa. Kilichogoma ni mwili, na uligoma kuanzia juu kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kwa chumba.

Venant, shemeji yake mwenye duka la dawa, alijipenyeza na kumgusa paji la uso.

"Malaria. Imepanda kichwani."

"Mbona hana joto?" aliuliza Kemilembe.

"Malaria ya siku hizi haina joto. Hapo kuna taifodi kidogo, na UTI haikosekani."

Tangu afungue duka, Venant hajawahi kumpima mtu akamkosa na hayo matatu. Hata waliokuja kuomba chenji ya noti kubwa waliondoka na vidonge.

Mzee Muganyizi, mwenyekiti wa ukoo na baba mdogo wa Mutayoba, aliinuka taratibu akiegemea fimbo. Alikuwa ametoka Bukoba kwa ajili ya kikao hiki, na wiki nzima alikuwa amelala chumba cha wageni kwa Mutayoba.

"Huyu amerogwa," alitamka, miwani yake ya jua ikimwelekea Kokuberwa. "Kuna aliyeogopa hukumu. Nipeni maji."

"Baba, shikamoo yako naiheshimu," alisema Kokuberwa, "lakini habari za kurogwa tutazijadili akiwa anapumua vizuri. Gari liko nje. Mbebeni."

Wakambeba. Aliyetoa gari ni mshtakiwa, na waliombeba ni mashahidi waliokuja kutoa ushahidi dhidi yake.

Njiani, Mutayoba akiwa amelazwa kiti cha nyuma na kope zimemfunika, alianza kufikiri jambo ambalo hakulitaka. Sasa na wewe ulijue, kwa sababu yeye hakumwambia mtu.

Mutayoba anakula senene. Anawala tangu akiwa chuoni, kwa siri, kwa kijiko cha chai, akiwa amesimama. Mwezi uliopita mama mmoja wa Bukoba alimletea kopo zima ndani ya gunia la ndizi. Watu wenye akili zao huwakaanga senene mpaka wakauke na kulia mdomoni. Mutayoba hakuweza. Harufu ya senene jikoni huvuka ua wa jirani bila kubisha hodi, na kifungu cha saba cha katiba ya ukoo kinasema kwamba harufu peke yake ni ushahidi tosha. Kifungu hicho ndicho kilichomtia Kokuberwa hatiani. Mwandishi wa kifungu hicho ni Mutayoba.

Kwa hiyo aliagiza senene wa kuchemshwa tu, wakazamishwa ndani ya mafuta, kifuniko kikakazwa na kuzungushiwa utepe ili pumzi isitoke. Friji ni ya Kemilembe, kwa hiyo kopo likakaa stoo, chini ya bati, nyuma ya ndoo ya rangi, wiki baada ya wiki, kwenye joto. Alipolifungua Jumatano kifuniko kilikuwa kimevimba, na kilipoachia kikatoa upepo. Mkaguzi aliyewahi kufunga jiko la shule kwa sababu ya sufuria moja yenye kutu alinusa, akakunja uso, akala. Hakuwapasha moto. Angewapasha wapi?

Alhamisi alirudi akakuta senene wamepungua vidole viwili. Akawalaani panya, akatega mtego, akala tena, akaacha kopo likiwa nusu. Panya gani anayefungua kifuniko, akala, akakifunga na kurudisha utepe mahali pake? Hilo halikumjia. Miaka thelathini ya ukaguzi, halikumjia.

Chumba cha dharura walimpokea harakaharaka. Mutayoba alisikia hatua nyepesi zikikaribia.

"Shikamoo baba. Mimi ni daktari Dorcas Shigela."

Sauti ya binti! Mutayoba alitamani kuomba daktari mtu mzima. Hata marahaba ilimshinda, ikatoka nusu na kupitia puani.

"Anaitwa nani?" aliuliza daktari.

"Mutayoba," alijibu Kemilembe. "Alikuwa mkaguzi wa shule."

"Mkaguzi Mutayoba?" Daktari akainama amtazame vizuri. "Ulikuja shuleni kwetu Misungwi nikiwa darasa la tano. Uliandika kwamba shule ile haitatoa hata karani. Mwalimu mkuu alitusomea mstarini."

Ndugu wakakohoa. Mutayoba alikumbuka ripoti hiyo vizuri. Aliipenda sana lugha yake.

"Basi ngoja karani akupime," alisema Dorcas, bila chuki yoyote, na hilo likamuuma zaidi. "Baba, umekula nini tangu juzi?"

Hapo ndipo Mutayoba alipopewa nafasi. Ulimi ulikuwa mzito lakini bado ulikuwa wake. Nyuma ya daktari alisikia pumzi za ndugu sita waliojazana mlangoni, na fimbo ya mwenyekiti ikigonga sakafu.

"Sa... to," alisema.

"Sato na ugali," alitafsiri Kemilembe. "Nimepika mwenyewe."

"Na kingine?"

"Ha... pana."

Hilo ndilo neno la mwisho lililotoka kinywani mwake siku ile. Alitumia pumzi nzuri kusema uongo, na alipotaka kumeza mate aone kama koo bado linafanya kazi, mate hayakuwepo na koo halikufanya kazi.

"Ni kiharusi," alisema Venant. "Nilijua tangu mwanzo."

"Kiharusi huwa kinashika upande mmoja," alijibu Dorcas. Alizinyanyua kope za Mutayoba kwa vidole, akammulika tochi. Mutayoba aliona tochi mbili na madaktari wawili. "Hizi zimelegea zote sawasawa. Mboni ni pana na hazijali mwanga."

"Au amenyweshwa dawa," alisema Muganyizi. "Sumu. Kuna watu wana dawa za kuulia wadudu wa pamba majumbani."

"Mzee, mimi nimekulia kwenye pamba. Aliyelamba dawa ya pamba anachuruzika mate, anatoka jasho, mboni inakuwa ndogo kama punje ya uwele. Huyu mdomo wake umekauka kabisa na mboni ziko wazi. Ni kinyume chake." Akageuka. "Mama, alianza kulegea miguu?"

"Hapana. Ijumaa jioni alilalamika kwamba herufi zinacheza, akailaumu miwani. Asubuhi hii chai ilimtokea puani. Akaniambia imeungua."

"Kwa hiyo imeanza machoni, ikaja mdomoni na kooni. Sasa inashuka." Dorcas akashika kichwa cha mgonjwa. "Baba, inua kichwa kutoka kwenye mto."

Mutayoba aliamuru. Kichwa kilikaa palepale.

"Bonyeza mkono wangu. Mh. Bado kidogo. Inua kidole cha shahada. Vizuri sana! Ananisikia, jamani. Anasikia kila kitu. Huyu hajalewa, hajachanganyikiwa, na wala hajazimia. Kwa hiyo chungeni midomo yenu."

Mlangoni watu wakaanza kukumbuka waliyoyasema kwenye gari.

"Sikiliza, baba," alisema Dorcas akiinama sikioni. "Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ninachokihisi ni sumu ya chakula, siyo ile ya kuharisha. Inaitwa botulizimu. Inaota ndani ya chakula kilichofungwa bila hewa, kwenye kopo, kwenye chupa, ndani ya mafuta. Kipimo cha maabara kitachukua siku na wewe huna siku. Dawa ya kuizuia haipo hapa, lazima niipiganie kwa simu, na huko nitakakopiga wataniuliza swali moja tu: alikula nini? Nikisema sato wa leo na ugali watanikatia simu. Umenielewa?"

Kidole kiliinuka mara moja.

"Umekula chakula chochote cha kopo, kilichofungwa siku nyingi?"

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Pumzi inafupika, kifua kizito, daktari amekwambia waziwazi. Ni kidole tu.

Lakini mwenyekiti yuko mlangoni. Kokuberwa yuko miguuni pa kitanda. Na kifungu cha saba kina sahihi yako.

Kidole kiliinuka mara moja. Kikatulia. Kikainuka tena.

Hapana.

Mtu anakufa na bado anatunza heshima ya katibu!

Dorcas alichukua kijiti, akaufungua mdomo wa Mutayoba, akamulika. Ulimi ulikuwa umekauka, fizi zimekauka, na juu ya fizi ya nyuma kulikuwa na kitu kimegandia ambacho mate, kama yangekuwepo, yangekwisha kukisafisha. Akakivuta kwa kibanio na kukiinua kwenye mwanga. Kilikuwa chembamba, cha kijani, chenye mishipa.

"Hiki ni nini?"

Ndugu sita, wote wazaliwa wa Kagera, wote wasomi, na hakuna aliyejua ni nini. Ungesema wameonyeshwa kitu kilichodondoka kutoka mwezini.

"Jani la kabeji," alisema Muganyizi. Sauti yake ilikuwa inapitia puani. Mutayoba akadhani mzee analia kwa ajili yake, na akaguswa moyo.

"Daktari," alisema Kokuberwa, "hilo ni bawa la senene. Nimeshtakiwa kwa ajili yake miezi miwili. Siwezi kulisahau."

"Mawe! Mama yangu!" Kemilembe akashika kichwa. "Mume wangu? Senene?"

"Kabeji!" alirudia Muganyizi, akagonga fimbo, akaomba maji.

Dorcas alirudi sikioni. "Baba, hao nitawatoa nje ukitaka. Lakini mimi sitoki. Ulikula senene wa kopo?"

Mutayoba aliwaza jina lake. Aliwaza ripoti zake zote na katiba yenye kurasa kumi na nne, iliyopigwa chapa kwa mkono wake. Kisha kifua kiligoma kuvuta pumzi moja, moja tu, kikairuka, na mambo hayo yote yakawa madogo sana.

Kidole kikainuka. Mara moja.

Unadhani ndugu walilia? Walishusha pumzi, kisha mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Mbuzi ni mmoja, au kwa viongozi ni wawili?"

"Wawili," alijibu Venant. "Kifungu cha tisa. Aliandika mwenyewe."

"Tokeni!" alisema Dorcas, na nesi akawasukuma mpaka koridoni, ila Kemilembe, Kokuberwa, na mwenyekiti aliyedai kwamba ana haki ya baba, na Venant aliyedai kwamba ni mtu wa afya.

Maswali yakaenda haraka. Walikuwa ndani ya mafuta? Ndiyo. Kifuniko kilivimba? Ndiyo. Uliwapasha moto? Hapana.

"Hata kidogo?" Dorcas alisikitika kweli. "Baba, ungewachemsha dakika kumi tu, sumu hii inakufa. Tusingekuwa hapa."

"Angewachemsha, harufu ingesikika," alisema Kokuberwa polepole, na kila mtu chumbani akaelewa. Hakucheka. Alikuwa na haki ya kucheka kuliko yeyote, na Mutayoba alisubiri kicheko hicho, na hakikuja. Ndipo alipoona aibu ya kweli kwa mara ya kwanza, aibu isiyohusu kifungu chochote.

"Liko wapi kopo?" aliuliza daktari. "Stoo?"

Ndiyo.

"Kokuberwa, chukua bodaboda ukalilete. Usilionje, usilinuse, funga kwenye mfuko. Nesi, leta ile mashine ya kupumulia. Zimebaki ngapi?"

"Moja, daktari. Nyingine zina watu."

"Moja inatosha." Akachukua simu, na Mutayoba akamsikia akibishana na mtu wa mbali, akitaja macho, koo, shingo, senene, akirudia kila kitu bila kukata tamaa. Shule ile haikutoa karani. Ripoti ilikuwa sahihi.

"Wanatuma," alisema hatimaye. "Inakuja kwa ndege ya jioni. Dozi ya mtu mmoja. Baba, mashine itakupumulia mpaka ifike, na hata baada ya hapo, wiki kadhaa. Lakini utapona. Swali la mwisho kabla sijakulaza usingizi: ulikula peke yako?"

Kidole kikainuka mara moja. Sasa kilikuwa kinatetemeka.

Hapo Kokuberwa akarudi, anahema.

"Daktari, nimelipata. Lakini liko tupu."

Tupu? Mutayoba alishtuka ndani ya mwili usioweza kushtuka. Alikuwa ameliacha nusu.

"Baba, ulilimaliza wewe?" aliuliza Dorcas.

Mara mbili. Ya pili ilichelewa sana.

"Mtego wa panya uko pembeni yake," aliendelea Kokuberwa, "na haujaguswa. Na kijiko kilikuwa juu ya mfuniko, kimefungwa kwenye hii." Akainua leso nyeupe yenye mistari ya buluu, iliyokunjwa vizuri.

"Hiyo si ya mume wangu," alisema Kemilembe. "Ni ya mgeni wetu, nimeifua mwenyewe wiki hii."

Wote wakageuka kumtazama mwenye leso, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa muda mrefu na glasi ya maji ambayo hakuwa amefanikiwa kuimeza. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Miwani ya jua ilikuwa imeteleza, na nyuma yake kope zilikuwa zimeshuka zote mbili, sawasawa.

"Binti," alisema Mzee Muganyizi, kwa shida, kupitia puani, "mbona mmekuja madaktari wawili?"

Fimbo ikaanguka. Kisha mzee.

Dorcas akaruka. "Mshikeni kichwa! Mzee, unanisikia? Vuta pumzi. Vuta! Nesi, huyu hapumui!"

Miaka sabini na minne, na nusu ya kopo. Alikuwa amekula kwa kasi kuliko katibu wake.

"Daktari," alisema nesi, "mashine ni hiyo moja."

Dorcas alikuwa sakafuni, mgongo wake kwa kitanda, mikono kifuani pa mzee. "Mutayoba!" alipaza sauti bila kugeuka. "Mara moja kama unaweza kusubiri dakika tano. Mara mbili kama huwezi. Venant, mtazame kidole uniambie!"

Mutayoba hakuweza kusubiri. Kifua chake kilikuwa kinavuta hewa kama mtu anayenywa uji mzito kwa mrija. Aliamuru kidole kiinuke mara mbili. Hakikuinuka. Akaamuru kiinuke hata mara moja, hata kitetemeke tu. Kidole kile kilichokubali kusema uongo kilikuwa kimelala juu ya shuka, kimya.

Venant aliinama, akakitazama kwa makini, kama mtu wa afya.

"Ametulia," alisema. "Huyu anaweza kusubiri."

Na Mutayoba, macho yamefumba na masikio yako wazi, akayasikia magurudumu ya mashine yakipita kando ya kitanda chake, yakielekea kwa panya.